Maganda, Makombo na Mifupa: Kipi Kiingie Katika Pipa la Mboji la Nyumbani

Jiko la kaya ya kawaida jijini Dar es Salaam hutoa taka nyingi hata kabla chakula hakijaiva. Hutoka maganda ya ndizi na ya muhogo, mashina ya mchicha, machicha ya nazi, maganda ya vitunguu, utumbo wa samaki na majani ya chai yaliyochujwa. Baada ya mlo hufuata ukoko, mifupa na makombo ya sahani. Katika miji ya Afrika Mashariki, taka zinazooza ni zaidi ya nusu ya taka zote za majumbani. Sehemu yake husafirishwa hadi dampo, kama lile la Pugu Kinyamwezi, na sehemu nyingine huishia mtaroni, ambako huziba njia ya maji na kulisha panya. Kaya inayoamua kuzigeuza taka hizo kuwa mboji hupunguza mzigo huo, na hujipatia mbolea ya bustani kwa gharama ndogo.

Swali la kipi kiingie katika pipa hilo kwa kawaida huelekezwa kwa maafisa kilimo, nao hulijibu kwa kuangalia ubora wa mbolea itakayotoka. Jibu hilo ni sahihi kwa upande wake. Lakini katika nyumba yenye mtoto anayetambaa, mama mjamzito, mgonjwa aliye katika matibabu ya saratani au mzee aliyewahi kuugua kifua kikuu, pipa la mboji ni jambo la afya pia. Vipo vitu ambavyo mbolea huvipokea vizuri ilhali nyumba haifai kuvipokea, na vipo vingine ambavyo watu huviogopa bila sababu.

Kwa nini orodha hazikubaliani

Anayetafuta ushauri hukutana upesi na orodha zinazopingana. Moja inaruhusu nyama na samaki, nyingine inavikataza kabisa. Moja inapokea kinyesi cha mifugo na makombo ya kila aina, nyingine inataka maganda mabichi peke yake. Tofauti hiyo hutokana na jambo moja ambalo waandishi wa orodha hizo mara nyingi hawalitaji, nalo ni joto.

Bakteria wanapokula taka hutoa joto. Taka zikiwa nyingi, zikichanganywa vizuri na kupata hewa, joto hilo hujikusanya katikati ya biwi na kufikia nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi. Kwa joto hilo bakteria wa kuharisha hufa, mayai ya minyoo huharibika na mbegu za magugu hupoteza uhai. Sir Albert Howard, mtaalamu wa kilimo kutoka Uingereza aliyefanya kazi Indore nchini India katika miaka ya 1920, aliutumia moto huo wa asili katika utaratibu wake wa kutengeneza mboji. Kanuni za Marekani kuhusu mboji zinataka joto la nyuzi 55 au zaidi lidumu siku 3 katika chombo kilichofungwa, au siku 15 katika tuta la nje linalopinduliwa mara 5, ndipo vimelea vihesabiwe kuwa vimeuawa.

Ili kulitunza joto kama hilo, biwi huhitaji ukubwa wa karibu mita moja ya ujazo, lililojazwa kwa pamoja au kwa siku chache. Ndoo ya lita 20, au hata pipa la lita 200 linalopokea sahani moja ya maganda kila jioni, haliwezi kulitunza. Joto linalozalishwa hupotea kupitia kuta za chombo kabla halijapanda. Wapo wanaodhani kwamba jua la pwani litasaidia. Halisaidii, hewa ya nyuzi 30 na kitu hupendwa na bakteria wengi wa tumboni, na huwafaa zaidi inzi kuliko mtu.

Pipa la nyumbani, basi, lichukuliwe kuwa ni pipa baridi. Kila kinachofikiriwa kuingizwa kipimwe kwa swali moja: iwapo hakitapashwa moto hata siku moja, je, kitamdhuru mtu, au kitamwita mnyama au mdudu atakayemdhuru? Kwa kipimo hicho, orodha nyingi zinazopingana huanza kueleweka.

Taka za mimea mbichi

Kundi hili ndilo chakula halisi cha pipa: maganda ya ndizi, viazi, muhogo, maembe, mapapai, matikiti na machungwa, mashina na majani ya mboga, maganda ya vitunguu na vitunguu saumu, majani ya chai na machicha ya kahawa. Maganda ya muhogo huwatia watu shaka kwa sababu yana kemikali inayozalisha sayanidi, na ni kweli kwamba mbuzi akila mengi yakiwa mabichi anaweza kudhurika. Ndani ya pipa kemikali hiyo huvunjika wakati wa kuoza, na mboji iliyoiva haina tatizo hilo. Maganda ya machungwa, ndimu na pilipili nayo husingiziwa kwamba huua viumbe wa mboji. Wanaosumbuliwa nayo ni nyungunyungu katika mapipa ya kufugia nyungunyungu. Katika pipa la kawaida huoza, ingawa taratibu.

Taka hizi zina maji mengi na naitrojeni nyingi. Zikiachwa peke yake hugandamana, hukosa hewa na kutoa uvundo. Dawa yake ni taka kavu zenye kaboni nyingi: majani makavu, maranda ya seremala, pumba za mpunga, makapi ya miwa, vipande vya maboksi yaliyoondolewa utepe wa plastiki. Vipimo vya maabara husema sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Uani, yatosha kuweka ndoo mbili au tatu za taka kavu kwa kila ndoo ya taka mbichi, na kuhakikisha kwamba taka mbichi hazionekani kamwe juu ya pipa. Kwa maranda, ambayo yana kaboni nyingi mno, kiasi kipunguzwe. Unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa: ukikifinya kiganjani huhisi umajimaji, lakini hakidondoshi.

Kufunika huko kuna faida nyingine. Inzi wa nyumbani katika hali ya joto huhitaji siku 7 hadi 10 tu kutoka yai hadi kuwa na mabawa. Pipa lililo wazi lenye maganda yaliyolowa linaweza kutoa kizazi kipya kila wiki, na inzi hao hutembea kati ya choo, pipa na sahani ya mtoto. Tabaka la taka kavu lenye unene wa vidole vinne huwanyima mahali pa kutagia. Wakati mwingine ndani ya pipa huonekana funza wakubwa wa kijivu wanaojongea kwa wingi. Hao mara nyingi ni wa inzi mweusi mwembamba ambaye wanasayansi humwita Hermetia illucens. Inzi mzima wa aina hiyo hana haja ya chakula cha watu na hana mazoea ya kuingia jikoni. Wanaofuga kuku huwachukua funza hao kwa furaha.

Nazi inastahili kuzungumzwa peke yake, kwa kuwa ni taka ya kila siku katika jiko la pwani. Machicha yake yaliyokwisha kukamuliwa huoza vizuri, lakini yamebakiwa na mafuta, hugandamana na huwaita sisimizi na panya. Yatandazwe kwa tabaka jembamba na kuchanganywa na maranda. Makumbi huoza polepole sana, ila yakichambuliwa nyuzi zake hulipa pipa hewa. Kifuu kisiingizwe kabisa. Hakiozi kwa miaka, na kikitupwa uani kikatazama juu hujaa maji ya mvua, na hapo huwa ni mazalia kamili ya mbu aina ya Aedes, waenezaji wa homa ya dengue, ile ambayo watu wa pwani waliiita kidingapopo. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu huyu hahitaji bwawa. Kikombe cha maji safi kinamtosha, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi kadhaa yakingoja mvua. Kifuu kitumike kuwashia jiko au kipondwepondwe. Kwa sababu hiyohiyo mfuniko wa pipa uwekwe kwa kuinama ili usituamishe maji, na kama chini ya pipa pana beseni la kukingia maji yanayochuruzika, limwagwe kila siku mbili au tatu. Ni jambo la kusikitisha pale pipa lililowekwa kwa ajili ya usafi linapokuwa ndilo linalowafuga mbu wa mtaa mzima.

Maganda ya mayai yaingie yakiwa yamesuuzwa na kusagwa. Mifuko ya chai ikaguliwe, kwa kuwa baadhi hutengenezwa kwa nyuzi za plastiki. Ni salama zaidi kuichana na kumwaga majani peke yake. Tahadhari hiyo inahusu pia mifuko mbadala iliyoenea Tanzania baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Mingi huonekana kama kitambaa na watu huitupa pamoja na maganda, lakini imetengenezwa kwa plastiki ya polipropilini na haiozi.

Nyama, samaki na makombo

Hapa ndipo kipimo cha pipa baridi kinapofanya kazi yake. Nyama, mifupa, ngozi ya kuku, utumbo wa samaki, vichwa vya dagaa, maziwa na mafuta ya kukaangia huoza bila shida katika biwi kubwa lenye joto. Katika pipa la uani hukaa siku nyingi vikinuka, na harufu hiyo huwaita kunguru mchana, na paka, mbwa na panya usiku. Kuku mbichi ana jambo la ziada: utumbo wake mara nyingi hubeba bakteria wa Salmonella na Campylobacter, ambao pipa lisilo na moto haliwezi kuwaua kwa uhakika.

Panya ndiye wa kuogopwa zaidi. Mkojo wake hubeba bakteria wa Leptospira, ambao huishi katika udongo wenye unyevu na maji yaliyotuama, na humwingia mtu kupitia mchubuko, ngozi iliyolowa muda mrefu, au macho na kinywa. Mwezi Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa umezuka mkoani Lindi na kusababisha vifo vya watu watatu ulikuwa ni huo, na tangu hapo Watanzania wengi wanaufahamu kwa jina la homa ya mgunda. Pipa la mboji lenye mifupa, lililo karibu na ukuta wenye matundu, lina kila anachokitaka panya: chakula, unyevu, ulaini wa kuchimba na giza. Kisha mtu huja siku ya Jumamosi na kulipindua kwa mikono mitupu na kandambili.

Kwa mhudumu wa afya, yafaa kukumbuka kwamba ugonjwa huu huanza kwa homa ya ghafla, kichwa kuuma, maumivu ya misuli hasa ya nyama za miguu, na macho kuwa mekundu, kwa kawaida siku 5 hadi 14 baada ya mtu kuambukizwa. Dalili hizo hufanana mno na za malaria na dengue. Kipimo cha malaria kikionesha hakuna vimelea, swali kuhusu panya, mitaro, mashamba ya mpunga na kazi za taka linaweza kufungua njia ya utambuzi, nao ni ugonjwa unaotibika kwa antibayotiki zikianzwa mapema.

Makombo ya chakula kilichopikwa yapo katikati. Ugali, wali na chapati vimetokana na mimea, lakini vikishapikwa hugandamana, huchacha, na panya huvipenda kuliko maganda. Kiasi cha kiganja kilichofukiwa katikati na kufunikwa hakina madhara makubwa. Sufuria nzima ya pilau yenye mafuta na chumvi ni jambo jingine. Chumvi ikizidi huharibu mbolea, na mafuta huziba hewa.

Kwa taka za nyama na samaki ipo njia ya zamani isiyohitaji pipa. Ni kuchimba shimo lenye kina cha nusu mita karibu na mgomba au mti wa matunda, mbali na kisima, kuzifukia humo na kushindilia udongo juu yake. Migomba hunufaika sana. Katika vihamba vya Wachaga na vibanja vya Wahaya, ambako kwa vizazi vingi jiko na shamba vimekuwa kitu kimoja, taka za jikoni hazikuhitaji pipa: maganda yalikwenda kwanza kwa ng'ombe na mbuzi, samadi ikaenda kwenye migomba, na yaliyobaki yakafukiwa. Mji umewanyima watu nafasi hiyo. Mwenye uwanja wa hatua kumi bado anaweza kuchimba. Anayeishi chumba cha kupanga ghorofani hana budi kuzitoa taka za nyama pamoja na taka nyingine siku ya gari la taka.

Pipa lenyewe lizungushiwe au litandikwe chini wavu wa chuma wenye matundu madogo kuliko sentimita moja, na liwe na mfuniko unaokaza.

Vyakula vilivyoota kuvu

Mkate ulioota ukungu, nyanya zilizooza na maharage yaliyochacha vinaweza kuingia bila hofu, kwa kuwa kuvu ni miongoni mwa watendaji wakuu wa pipa. Mahindi na karanga vinahitaji uangalifu mwingine kwa sababu ya sumukuvu, ambayo huharibu ini na, mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka, huongeza uwezekano wa saratani ya ini. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika kwa kawaida hakuiondoi.

Tatizo kubwa katika kaya nyingi ni kwamba mahindi yaliyovunda hayatupwi, bali hupewa kuku au ng'ombe. Ng'ombe aliyekula sumukuvu hutoa sehemu yake katika maziwa, na maziwa hayo hunywewa na mtoto. Kwa kiganja kimoja au viwili cha mahindi mabovu, pipa la mboji ni mahali bora kuliko banda la kuku, ili mradi yaloweshwe kwanza vumbi lisiruke, yafukiwe katikati, na mboji itakayotoka isipelekwe kwenye mahindi wala karanga, kwa kuwa kuvu wa jamii hiyo huishi udongoni. Gunia zima lililoharibika si la pipa. Liulizwe kwa afisa kilimo au afisa afya wa kata.

Yanayotoka chumba cha mgonjwa

Sehemu hii haimo katika orodha za maafisa kilimo, na pengine ndiyo inayohitajika zaidi. Wagonjwa wengi leo hutibiwa wakiwa nyumbani, na taka za matibabu yao hukutana na taka za jikoni katika ndoo moja. Sindano ya insulini iliyotupwa kati ya maganda ya ndizi huingia katika pipa, hupinduliwa na jembe, hutoka na mboji, na mwisho humchoma mtoto anayecheza bustanini au mama anayepalilia mchicha. Sindano na vijembe vya kupimia sukari viwekwe katika chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko, na chupa ikikaribia kujaa irudishwe katika kituo cha afya. Mhudumu anayempa mgonjwa insulini kwa mara ya kwanza afanye maelezo haya kuwa sehemu ya mafunzo yake. Dakika mbili zinatosha. Dawa zilizokwisha muda nazo zirudishwe kituoni au katika duka la dawa. Antibayotiki zikimwagwa katika pipa huua baadhi ya bakteria na kuwazoesha wengine.

Pampasi, pedi, bandeji na karatasi za chooni zisiingizwe. Zina plastiki, na zina kinyesi au damu. Mayai ya minyoo mikubwa ya mviringo, Ascaris, hustahimili miaka udongoni, na pipa baridi halina nguvu juu yake. Kinyesi cha mbwa na paka kikataliwe vilevile. Cha paka kinaweza kubeba kimelea cha Toxoplasma, kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni na kuleta uvimbe wa ubongo kwa mtu ambaye virusi vya UKIMWI vimemshusha kinga. Katika nyumba yenye kipindupindu au kuhara kukali, matapishi na makombo ya mgonjwa yasipelekwe kwenye pipa. Yafuate maelekezo ya wahudumu wa afya.

Kwa upande mwingine, ziko nyumba ambamo makombo ya mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, au ya mgonjwa wa kifua kikuu, hutengwa na kutupwa mbali, kana kwamba sahani yake imechafua chakula. Jambo hilo halina msingi wowote wa kitabibu. Virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa chakula, wala havidumu katika maganda ya ndizi. Kifua kikuu huambukizwa kwa hewa anayoitoa mgonjwa akikohoa. Ganda la chungwa alilolimenya mgonjwa ni ganda la chungwa kama jingine, na kulitenga hakumkingi mtu yeyote. Humwongezea mgonjwa upweke tu.

Majivu ya mkaa na kuni huingia mara nyingi katika ndoo ya jikoni. Kiasi cha kunyunyiza juu ya taka, kama mtu anyunyizavyo chumvi, hufaa, kwa kuwa kina kalisi na potasiamu. Yakizidi hufanya mboji kuwa na nyongo kali ya alkali. Majivu ya mbao zilizopakwa rangi au dawa, au ya moto uliochomwa plastiki, yasiingie kabisa, kwa sababu yanaweza kuwa na risasi na sumu nyingine ambazo hakuna bakteria awezaye kuzila. Risasi ikifika katika bustani, hufika katika mikono ya watoto.

Nani apindue

Katika mboji huota kuvu aitwaye Aspergillus fumigatus, ambaye hustahimili joto na hutoa vumbi jepesi la mbegu zisizoonekana. Mtu mwenye mapafu na kinga timamu huzivuta kila siku bila kujua. Kwa mgonjwa wa pumu vumbi hilo linaweza kuamsha shambulio. Kwa aliyepona kifua kikuu akabakiwa na mashimo mapafuni, kuvu huyo anaweza kuota ndani ya mashimo hayo na kumletea kikohozi cha muda mrefu, kupungua uzito na kukohoa damu. Na kwa kuwa makohozi hayaoneshi bakteria wa kifua kikuu, wapo wanaoanzishiwa upya dawa wasizozihitaji. Kwa mgonjwa wa saratani aliye katika matibabu, aliyepandikizwa kiungo, au anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, hatari ni kubwa zaidi. Nchini Australia na New Zealand mboji na udongo wa kupandia maua vimehusishwa pia na nimonia inayoletwa na Legionella longbeachae, na mifuko inayouzwa Australia huwekwa onyo.

Wagonjwa wa makundi haya hawalazimiki kuachana na pipa. Wanaweza kukusanya maganda, kukatakata na kupeleka ndoo. Kazi ya kupindua na kuchekecha ifanywe na mtu mwingine wa nyumba, nao wasisimame upande ambao upepo unaelekea. Anayepindua ailoweshe mboji kidogo kwanza, avae glavu na viatu vya kufunika vidole, afunike pua na kinywa, na anawe kwa sabuni baadaye. Chanjo ya pepopunda isisahaulike, kwa kuwa vijidudu vyake huishi udongoni na huingia kwa jeraha dogo tu. Akina mama wengi wameipata wakati wa ujauzito. Wanaume wazima, ambao ndio mara nyingi wanaoshika jembe, wengi wao hawakuipata tangu utotoni.

Kuiva na kutumika

Mboji iliyoiva ni nyeusi au ya kahawia, huvunjikavunjika kama udongo wa msituni, hunuka udongo, na ganda la ndizi halitambulikani tena ndani yake. Katika pipa baridi la pwani hali hiyo hufikiwa kwa miezi 3 hadi 6 tangu siku ya mwisho ya kuongeza taka. Hili la siku ya mwisho husahauliwa. Pipa linaloongezwa kila jioni haliivi kamwe; kwa hiyo yafaa kuwa na mapipa mawili, moja likijazwa na jingine likipumzika.

Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi mbichi iwekwe angalau siku 120 kabla ya kuvuna mazao yanayogusa udongo. Mboji ya pipa baridi, hasa ile ambayo mwenyewe hana hakika ya yote yaliyoingizwa na watoto au wageni, ni busara kuipa heshima hiyohiyo. Ugumu ni kwamba mboga inayopendwa zaidi katika bustani ndogo za mjini, mchicha, huvunwa wiki tatu au nne baada ya kupandwa. Mchicha hupikwa, na moto wa jikoni hufanya kazi ambayo pipa halikuifanya. Matembele na majani ya kunde ni hivyohivyo. Lakini nyanya na vitunguu vya kachumbari, pilipili hoho, giligilani na saladi huliwa bila kupita motoni. Kwa tuta la mboga hizo mboji ichanganywe na udongo miezi minne kabla ya mavuno. Na kwa anayeishi na mtu mwenye kinga pungufu, mboji hiyo ipelekwe kwenye migomba, mipapai na maua, na tuta la kachumbari liachiwe mbolea nyingine.